Feni ya Motokaa Yangu, na Yaliyonipata Kitonga

Mhariri wa gazeti letu ameniomba mara mbili niandike habari za motokaa yangu, na mara zote mbili nilikataa, kwa sababu habari yenyewe hainipi sifa. Lakini muhula huu wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliniuliza darasani, mbele ya wenzao wote, kama ni kweli kwamba mwalimu wa fizikia alilala njiani katika mlima wa Kitonga kwa ajili ya feni. Nikaona ni heri niandike mwenyewe kabla habari haijazidi kutiwa chumvi. Tena nadhani wazazi watapata faida humu, maana wengi wao wana motokaa zilizokwisha kutumika miaka mingi, na kila mmoja siku moja ataambiwa na fundi: "Hiki cha mwaka wako hakipatikani, lakini nina cha mwaka mwingine, nacho kitaingia."

Neno hilo "kitaingia" ndilo nitakalolieleza.

MOTOKAA ISIYO NA REJETA

Marehemu baba yangu aliniachia Volkswagen ndogo ya mwaka 1968, ile yenye mgongo kama wa kobe na injini yake nyuma. Vijana wengi wa leo wameiona katika picha tu, lakini wazee wanaijua sana. Katika mashindano ya Safari, yaliyopita katika nchi za Afrika ya Mashariki, motokaa za namna hiyo zilishinda mwaka 1954, mwaka 1957 na mwaka 1962. Ziliundwa kwa miaka mingi kupita kawaida: ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, katika nchi ya Mexico, tarehe 30 Julai 2003, na hesabu ya zote ilikuwa 21,529,464.

Injini yake haina maji wala rejeta. Ina silinda nne zilizolala, mbili upande wa kulia na mbili upande wa kushoto, nazo hupozwa kwa upepo. Juu ya injini pana kasha kubwa la bati. Ndani ya kasha hilo pana feni, umbo lake kama gurudumu lenye mapanga mengi mafupi pembeni. Feni huvuta hewa kwa tundu la katikati na kuisukuma ndani ya kasha, kisha kasha huigawa hewa hiyo kulia na kushoto, ishuke katikati ya mapezi ya silinda na kutoka chini ikiwa ya moto.

Feni imefungwa katika mhimili wa dainamo. Upande mmoja wa mhimili ni puli, na upande wa pili ni feni. Mkanda mmoja tu hutoka katika puli kubwa ya injini na kuizungusha dainamo. Kwa hiyo mkanda ule ule unaotia umeme katika betri ndio unaopoza injini. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana nitalirudia.

Kuna kitu cha tatu kinachopozwa na upepo huo, nacho ni oili. Oili hupita katika kipozeo kidogo kilichosimama upande wa kushoto, kisha hurudi kulainisha injini. Katika motokaa hii kazi ya oili ni kubwa kuliko katika nyingine, kwa sababu hubeba sehemu ya joto ambalo katika injini nyingine lingebebwa na maji.

Katika injini kama yangu, kipozeo hicho kimesimama ndani ya kasha lenyewe, juu ya silinda ya tatu, yaani ile ya kushoto iliyo mbele. Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu. Hewa iendayo silinda ya tatu ililazimika kupita kwanza katika kipozeo cha oili, nayo ilifika ikiwa imekwisha kupata joto na imepungua nguvu. Mafundi wa zamani watakuambia kwamba valvu ya moshi ya silinda ya tatu ndiyo iliyozoea kuungua. Waundaji walilijua jambo hilo, wakaipunguzia silinda hiyo joto kwa kuchelewesha kidogo cheche yake.

Ilipofika magari ya mwaka 1971, walilitengeneza kwa njia nyingine. Walikitoa kipozeo nje ya njia ya silinda, wakakijengea chumba chake kidogo mbele ya kasha, chenye mlango wake wa kutolea hewa ya moto. Mafundi wa ng'ambo wamekipa chumba hicho jina la mzaha, kibanda cha mbwa, kwa ajili ya umbo lake. Lakini angalia: feni ileile sasa ilikuwa na kazi ya kulisha silinda nne na tena kulisha chumba kipya. Kwa hiyo waliiongeza upana, na kasha nalo likaongezwa kina ili liipokee feni hiyo pana.

Basi ziko feni mbili, nyembamba na pana. Ukizitazama kwa mbele utasema ni mapacha. Ukizilaza juu ya meza moja kando ya nyingine utaona tofauti ya milimita chache. Milimita hizo ndizo zilizonigharimu.

JINSI NILIVYONUNUA FENI

Mwaka 2019 nilianza kusikia mlio wa kukwaruza nyuma ya motokaa. Fundi mmoja alifungua, akakuta feni imepata ufa karibu na katikati, mahali mabati yake yaliposhikana. Feni yenye ufa haichomelewi. Huzunguka kwa kasi kubwa mno, na ikipasuka huharibu kasha na kila kitu kilicho jirani. Mpaka hapo shauri lake lilikuwa jema.

Akaniambia feni ya mwaka 1968 hana, lakini anayo iliyotoka katika injini ya mwaka 1973. Bei yake shilingi 40,000. Nilimwuliza, "Itaingia?" Akanijibu, "Mwalimu, magari haya yote ni mamoja." Kwa sehemu kubwa alisema kweli, na ndiyo maana nilimwamini. Vitu vingi vya Volkswagen ya mwaka huu huingia katika ya mwaka ule, na sifa hiyo imeziokoa motokaa nyingi.

Jioni nilipokwenda kuichukua nilimkuta amekwisha kuifunga. Alinieleza kwamba mwanzoni ilikuwa ikigusa bati la nyuma, akatoa washa zote nyembamba zilizokuwa kati ya feni na dainamo, ikagusa upande wa pili. Akazirudisha baadhi, kisha akayasaga makali ya mapanga kwa grenda, kidogo kidogo, mpaka ikazunguka bila kugusa. Alinionyesha kwa kuizungusha kwa mkono. Ilizunguka kimya kabisa. Nilimsifu kwa uhodari wake, nikamlipa, nikaenda zangu.

Hapa yafaa niseme wazi. Sikudanganywa. Fundi alinieleza kila alichofanya, nami ninafundisha nguvu za mzunguko kila mwaka kwa kidato cha tano. Ningefikiri dakika tano tu, ningejua. Sikufikiri.

SAFARI

Baada ya majuma matatu nilikuwa na safari ya kumpeleka mama Iringa. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, naye alikuwa amepewa siku ya kupasuliwa jicho la kwanza. Alikuwa ameingojea siku hiyo miezi minne. Tulitoka Morogoro alfajiri, sisi wawili na mdogo wangu wa kike, ili tulale Iringa na mama afike hospitali asubuhi ya pili. Mwendo wote ni karibu kilomita 300.

Mpaka Mikumi mambo yalikuwa shwari. Ndani ya mbuga tulikwenda pole, kama sheria inavyotaka, na motokaa ilitulia. Tulipotoka mbugani nikaongeza mwendo, nikaanza kuona usukani na viti vinatetemeka, siyo sana, kama mtu anayetetemeka kwa baridi. Nikipunguza mwendo kulikoma, nikiongeza kulirudi. Mdogo wangu akasema, "Kaka, kuna sauti kama nyuki." Nikamwambia ni barabara.

Tulipita Ruaha Mbuyuni saa saba mchana, jua kali. Kutoka bonde lile barabara hupanda mlima wa Kitonga kwa kona nyingi hadi nyanda za juu, na mji wa Iringa wenyewe uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kila dereva apitaye na lori lenye mzigo anauogopa mlima huo. Tuliupanda kwa gia ya pili, nyuma ya malori, injini ikizunguka kwa kasi na upepo wa njiani ukiwa hauna msaada wowote. Pasipokuwa na feni, injini ya namna hii mahali kama pale haina kitu kingine cha kuipoza.

Katikati ya mlima taa nyekundu ikawaka.

Katika motokaa nyingi taa hiyo maana yake ni kwamba betri haipati umeme, na mwenye motokaa huweza kuendelea mwendo mfupi mpaka mahali pa kusimama. Nami nilifikiri hivyo. Barabara ni nyembamba, nyuma yangu pana lori, kando yangu pana genge. Nikajiambia nitafika juu, ndipo nitazame. Naliendelea, labda kilomita moja na nusu. Kwanza ikaja harufu ya mpira ulioungua, kisha nguvu ikapungua, kisha ukasikika mlio wa chuma kikigonga chuma, na injini ikazimika.

Mkumbuke lile jambo la mkanda. Taa nyekundu katika motokaa ile haisemi habari za betri peke yake. Yasema dainamo haizunguki, na dainamo isipozunguka feni nayo haizunguki. Mtu akiiona taa hiyo sharti asimame pale pale penye usalama, azime injini, afungue nyuma, autazame mkanda. Baba yangu alinifundisha hivyo nilipokuwa na umri wa miaka kumi na sita. Nilikuwa nimesahau.

Watu wa lori walitusaidia kuisukuma kando. Mama alikaa chini ya mti, kanga kichwani, hakusema neno la lawama. Mabasi yaliyopita yalikuwa yamejaa. Tulilala Ilula kwa watu wema, tukafika Iringa kesho yake saa tano, na zamu ya mama ilikuwa imekwisha kupita. Hospitali haikuwa na kosa. Wagonjwa walikuwa wengi, na daktari wa macho alikuwa na siku zake. Alipangiwa siku nyingine baada ya majuma saba. Aliponiambia, "Si kitu, mwanangu, nitaendelea kuwatambua kwa sauti zenu," niliona aibu kuliko kama angenigombeza.

HESABU YA GRAMU TANO

Injini ilipofunguliwa, mambo yalionekana kwa mfuatano. Feni ilikuwa imelikwaruza bati la nyuma mpaka likang'aa. Beringi ya dainamo upande wa feni ilikuwa imelegea kabisa. Mkanda ulikuwa umeungua na kukatika. Na kichwa cha valvu ya moshi, silinda ya tatu, kilikuwa kimekatika na kuipiga pistoni. Silinda ileile ambayo mafundi wa zamani walikuwa wakiionya.

Kwa nini beringi iliharibika? Wanafunzi wangu walifanya hesabu hii ubaoni, nami naiandika kama walivyoifanya.

Feni huzunguka kasi kuliko injini, kwa sababu puli ya injini ni kubwa na puli ya dainamo ni ndogo. Tuseme ni mara 1.8. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, feni huzunguka mara 7,200, yaani mara 120 kwa kila sekunde. Sasa tuseme grenda imeondoa gramu tano zaidi upande mmoja kuliko upande wa pili, umbali wa sentimita 8 kutoka katikati. Gramu tano ni kama kijiko cha chai cha maji. Kasi ya mzunguko ni radiani 754 kwa sekunde, na mraba wake ni karibu 568,500. Zidisha kwa kilo 0.005, kisha kwa mita 0.08. Jibu ni nyutoni 227.

Nguvu hiyo ni kama uzito wa ndoo ya maji ya lita 20, pamoja na ndoo yenyewe na kitu juu yake, ikining'inia kwenye mhimili wa dainamo, mara huvuta juu, mara chini, mara kulia, mara kushoto, mara 120 kwa sekunde. Beringi ndogo haivumilii jambo hilo siku nyingi. Na kwa kuwa nguvu huongezeka kwa mraba wa kasi, katika mwendo mdogo mbugani hatukuona kitu, na katika mwendo mkubwa tulitetemeka. Ukipunguza mzunguko kwa nusu, nguvu hupungua hadi robo. Kiwandani feni husawazishwa uzito wake kwa sababu hiyo, na grenda hulivunja sawazisho hilo kwa dakika moja.

Beringi ilipolegea, mhimili ulicheza, na feni iliyoachiwa nafasi ndogo kama unene wa karatasi ikaanza kugusa bati. Kwa kawaida kati ya feni na bati hilo hutakiwa kuwa na nafasi ya milimita 2, nayo hupimwa na kurekebishwa kwa zile washa nyembamba. Milimita 2 hizo ziliwekwa kwa kuwa chuma hutanuka kikipata moto, na mhimili huchakaa. Feni ikagusa, dainamo ikawa nzito, mkanda ukateleza na kuungua. Yaliyobaki ni kazi ya dereva aliyeona taa nyekundu na kuendelea kupanda.

NJIA MBILI ZILIZO SAWA

Tulikuwa na njia mbili, na kila moja ni nzuri ikifuatwa mpaka mwisho.

Njia ya kwanza ni kutafuta feni nyembamba kama ile ya zamani. Si lazima iwe ya mwaka 1968. Tulipata moja iliyotoka katika injini ya 1300 ya miaka hiyohiyo, kabla ya mabadiliko ya 1971. Tuliilaza mezani kando ya feni ya baba, tukapima upana kwa kalipa, kipenyo, na sehemu ya katikati inayokaa juu ya mhimili. Vyote vilikuwa sawa. Hivyo kubadilishana kati ya mwaka na mwaka si kosa. Kosa ni kubadilishana bila kupima.

Njia ya pili ni kuhamisha mtindo mpya wote. Watu wengi wenye motokaa za zamani wamefanya hivyo, na injini zao hupoa vizuri kuliko zilivyotoka kiwandani. Lakini huwezi kuhamisha feni peke yake. Yapasa kuchukua kasha lenye chumba cha mbele, feni pana, kipozeo cha oili cha aina ya pili pamoja na kikalio chake, na mabati yanayotoa hewa ya moto nje. Mabati haya wengi huyaacha kwa kuona ni takataka. Yakiachwa, hewa iliyokwisha kupoza oili hurudi katika chumba cha injini, feni huivuta tena, na motokaa hujipoza kwa moto wake yenyewe. Tena kuna jambo la mpira. Karibu na mwaka 1970 njia za oili katika mwili wa injini zilipanuliwa kutoka milimita 8 hadi milimita 10. Ukiweka kipozeo cha njia pana juu ya injini ya njia nyembamba, sharti upate mipira maalum ya kuunganisha ukubwa huo na huu, la sivyo oili itavuja.

Na dainamo nayo ina yake. Ziko za unene wa milimita 90 na za milimita 105, na kila moja ina kikalio chake. Motokaa za miaka ya mwisho zina alteneta mahali pa dainamo, na alteneta hupenda kuwa na bati lake la nyuma, ambalo tundu zake za hewa ni za namna nyingine. Ukilifunga bati la dainamo katika alteneta, alteneta hukosa upepo wake na kuungua.

Mimi nilichukua njia ya kwanza kwa sababu ya fedha. Valvu, pistoni, kazi ya kichwa cha silinda, beringi na mkanda vilikwisha kunila zaidi ya shilingi 600,000. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nilijenga ukuta kwa kuokoa bei ya feni.

MASHAURI KWA WENYE MOTOKAA

Haya nayaandika kwa wazazi hasa, na kwa wanafunzi watakaokuwa na motokaa kesho.

1. Usiulize, "Kitaingia?" Uliza, "Kilitoka pamoja na nini?" Kitu kimoja kikibadilishwa kiwandani, mara nyingi jirani zake wamebadilishwa pia.

2. Usiuamini mwaka ulioandikwa katika kadi ya motokaa. Injini hubadilishwa. Katika Volkswagen hii herufi zilizo mbele ya namba ya injini, zilizopigwa chini ya kikalio cha dainamo, ndizo zisemazo kweli. H ni injini ya 1500 kama yangu, F ni ya 1300 ya kabla ya mabadiliko, AB ni ya 1300 ya baadaye, na AD ni ya 1600.

3. Lete kitu cha zamani dukani, hata kama kimevunjika. Kilaze kando ya kile unachonunua. Pima upana, kipenyo, tundu la katikati, na upande yanakoelekea mapanga.

4. Kitu kinachozunguka kwa kasi kikihitaji kusagwa, kuchomelewa au kugongwa nyundo ili kiingie, basi hicho si chako. Mrudishie mwenyewe.

5. Baada ya kufunga, pima nafasi kwa kipimo, siyo kwa sikio. Feni iliyozungushwa kwa mkono haijasema neno lolote juu ya mizunguko 7,000.

6. Mkanda uukaze kwa kiasi. Ukiusukuma kwa kidole gumba katikati, ushuke kama sentimita moja na nusu. Ukilegea huteleza, ukikazwa mno huua beringi. Chukua mkanda wa akiba safarini, pamoja na spana ya kuufungia.

7. Usiondoe vile vilango vya hewa vilivyomo ndani ya kasha kwa kudhani kwamba nchi yetu ni ya joto wala havina kazi. Hivyo huzuia upepo injini ikiwa baridi na kufunguka ikipata moto, lakini mabati yake pia huelekeza upepo kwenye silinda na kwenye kipozeo. Ukiving'oa, upepo hupotea njia.

8. Mpira unaozunguka injini, kati ya mabati yake na mwili wa motokaa, si pambo. Hutenganisha hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini. Ukichanika ubadilishe.

Wenye motokaa za rejeta wasidhani kwamba habari hii haiwahusu. Feni ya umeme ya mwaka mwingine yaweza kuwa na plagi inayoingia vizuri, lakini nyaya zake zimegeuzwa, ikazunguka kinyume na kusukuma upepo upande usiotakiwa. Yaweza kuvuta umeme mwingi kuliko nyaya na fyuzi zako zinavyoweza kubeba. Feni iliyofungwa katika injini yaweza kuwa na mapanga marefu kidogo, yakafika kwenye rejeta siku ambayo mipira ya kushikia injini imechakaa. Kanuni ni moja.

MWISHO

Mama alipasuliwa jicho la kwanza kwa siku aliyopangiwa upya, na la pili mwaka uliofuata. Mara hiyo tulikwenda kwa basi, kwa amri yake. Sasa anaona vizuri, na kila nikimtembelea huifungua motokaa nyuma na kuniambia nimwonyeshe mkanda.

Fundi yule bado ni rafiki yangu. Nilimpelekea ile hesabu ya gramu tano ikiwa katika karatasi, akaisoma kwa makini, akaniuliza, "Sasa mwalimu, kama uliijua hesabu hii, mbona hukunikataza?" Sikuwa na jibu. Feni pana yenye mapanga yaliyosagwa imetundikwa sasa ukutani katika chumba cha maabara, karibu na dirisha. Kila mwanafunzi anayetaka kuiona aombe ruhusa, na alete kalipa.